Paka wa Uchochoroni au Sungura wa Banjo: Uanze na Katuni Ipi ya Jirani Mwenye Kelele?

Wifi yangu alinipigia simu wiki iliyopita. Ana watoto wawili, wa miaka sita na kumi na moja, na anataka kuwaonyesha katuni za zamani badala ya hizi za siku hizi zinazokwenda mbio bila kupumua. Amenisikia mara nyingi nikisimulia ile ya paka anayeimba usiku nje ya dirisha la mtu, na ile ya sungura na mwimbaji wa opera, ile michezo ya jukwaani inayoimbwa badala ya kusemwa. "Wifi, nianze na ipi?" Nilimjibu harakaharaka kwa sababu salio lilikuwa linaisha, na jibu lile halikunitosha mimi mwenyewe. Haya ndiyo niliyotaka kumwambia.

Nazipenda katuni za namna hii kwa sababu nayajua maisha yenyewe. Chumba changu kinachangia ukuta na kijana mwenye sabufa. Ni kijana mwema, hunisaidia kupandisha ndoo za maji na salamu yake haikosekani, lakini ikifika saa nne usiku vikombe vyangu kabatini vinaanza kugongana. Mtu aliyelala hivyo hahitaji kuelezwa uchungu wa Elmer Fudd, yule bwana anayenyimwa usingizi na paka.

Katuni mbili ninazozilinganisha ni Back Alley Oproar ya mwaka 1948, iliyoongozwa na Friz Freleng, na Long-Haired Hare ya mwaka 1949, iliyoongozwa na Chuck Jones. Zote zilitoka studio ya Warner Bros. kule Marekani, na kila moja ina urefu wa dakika saba hivi. Mtunzi wa hadithi ni yuleyule, Michael Maltese, ila ile ya paka alishirikiana na Tedd Pierce. Muziki wa zote mbili uko mikononi mwa Carl Stalling, aliyekuwa akipiga muziki kwenye majumba ya sinema enzi za filamu bubu, kisha akaitumikia Warner tangu 1936 hadi 1958. Hata wimbo mkuu ni mmoja: Largo al factotum, ule ambao kinyozi Figaro anajisifia katika opera ya mtunzi wa Kiitaliano Rossini ya mwaka 1816, Kinyozi wa Seville. Kwa vitu vyote hivyo vinavyofanana, ungedhani ukiona moja umeziona zote. Sivyo hata kidogo.

Tuanze na paka. Elmer, yule bwana kipara, anajiandaa kulala huku akipiga miayo. Nje, uchochoroni, paka Sylvester anajiweka sawa kama mwimbaji anayepanda jukwaani, kisha anaachia sauti. Elmer anarusha kitu kwa hasira. Paka anaendelea. Hadithi nzima ndiyo hiyo, hakuna nyingine, na Freleng hahitaji nyingine.

Kwetu paka wakigombana juu ya mabati usiku, sauti inayotoka ni kama ya kichanga aliyebanwa na tumbo, na dawa yake ni kandambili inayorushwa gizani. Wamarekani nao walikuwa na kichekesho chao cha tangu zamani, cha paka juu ya uzio na kiatu kinachotoka dirishani. Alichofanya Freleng ni kumpa paka huyo sauti nzuri, na hapo ndipo filamu ilipo. Sylvester angelia kama paka wa kweli, ndani ya nusu dakika sote tungekuwa upande wa Elmer, tungemsaidia kutafuta viatu. Lakini paka anaimba vizuri! Unajikuta unataka amalize ubeti kabla ya kiatu kumfikia. Unamwonea huruma mwenye kitanda, na wakati huohuo unataka tamasha liendelee.

Na tamasha lenyewe halichoshi, kwa sababu kila mara linabadilika. Baada ya opera, paka anapanda na kushuka ngazi akikanyaga kwa nguvu, mguu kwa mguu, kwa mapigo ya Hungarian Rhapsody Nambari 2 ya Liszt. Kipande hiki nakuomba ukitazame mara mbili. Mara ya kwanza kitazame kawaida. Mara ya pili zima sauti, uangalie miguu tu. Utaona kwamba kila hatua ina uzito wake, nyingine nyepesi, nyingine nzito, na utausikia muziki kichwani ingawa spika iko kimya. Freleng alikuwa na elimu ya muziki, na alizoea kupanga mwendo wa wahusika wake kwenye karatasi zenye mistari ya mapigo, kama mtu anayeandika nota. Ndiyo maana kwake muziki hauji baadaye kupamba picha. Picha na muziki vimezaliwa pamoja.

Halafu kuna kile kipande ambacho wimbo wa mapenzi unaanza kwa upole, na kabla mstari haujaisha zinaingia kengele, milio ya risasi na vitu vinavyopasuka. Huo ni mtindo uliokuwa unapendwa sana Marekani wakati huo, wa bendi ya Spike Jones, waliochukua nyimbo tamu na kuzivuruga kwa vishindo. Kuna pia paka mwingine, mzubavu wa kumtazama, anayefungua kinywa na ikatoka sauti nyororo ya mwanamke, ya juu kabisa, safi kama maji ya mtungini. Elmer akitoka nje kumkamata mhalifu, anakuta ngazi zimepakwa mafuta na chini zimetandazwa pini. Wahenga walisema kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Elmer hakujaliwa bahati hiyo.

Mwisho wake lazima niuseme, kwa kuwa ndio utakaoamua kama unamfaa mtoto wako. Uvumilivu unamwishia Elmer, anachukua baruti. Mlipuko unamaliza wote wawili. Elmer anajikuta juu ya wingu, akiamini kwamba sasa, angalau huku, atapumzika. Ndipo zinapopanda roho za paka, moja baada ya nyingine, kila moja ina namba yake, zote tisa, zikiimba kwa pamoja ule wimbo maarufu wa sauti sita kutoka Lucia di Lammermoor ya Donizetti, opera ya mwaka 1835. Elmer anajirusha kutoka wingu lake.

Mtoto wa Kiswahili anahitaji kidokezo hapa. Sisi tunasema mtu fulani ana roho ya paka tukimaanisha hafi upesi, lakini hatuzihesabu. Kwa Wamarekani paka ana roho tisa kamili, na bila kulijua hilo mwisho mzima unapotea. Unaona paka wengi tu angani, unajiuliza wametoka wapi.

Sasa sungura. Bugs Bunny amekaa zake kilimani, anapiga banjo na kuimba, hana habari na mtu. Karibu yake, katika nyumba nzuri ya kisasa, Giovanni Jones, mwimbaji wa opera mwenye kifua kipana, anafanya mazoezi. Anaimba, anaimba, na ghafla maneno yanayotoka kinywani mwake ni ya wimbo wa sungura, na mwili unacheza nao. Sijaona mahali pengine panapoonyesha vizuri hivi jinsi kelele ya jirani inavyomwingia mtu. Anayekaa karibu na baa anajua. Unaosha vyombo, unashtuka unaimba wimbo ambao hata huupendi, neno kwa neno.

Giovanni anatoka, anaufikia mlima, anavunja banjo, anarudi zake. Hakuuliza, hakuomba, hakumwambia "bwana mdogo, punguza kidogo." Bugs anachukua kinubi, Giovanni anambana shingo kwenye nyuzi. Bugs anachukua tuba; safari hii anafungwa masikio kwenye tawi la mti na kupigizwa kichwa. Mara tatu zote Bugs hakumchokoza mtu. Baada ya hapo tu ndipo anatangaza kwamba hii ni vita. Chuck Jones alikuwa na kanuni aliyoishikilia: sungura wake haanzi ugomvi, lazima achokozwe kwanza. Katika filamu hii unaihesabu kanuni hiyo kwa vidole, moja, mbili, tatu.

Vita vyenyewe vinapiganwa Hollywood Bowl, ukumbi wa wazi wa Los Angeles uliofunguliwa mwaka 1922, wenye paa lililopinda kama kombe la baharini. Bugs anapanda juu ya paa na kuligonga kwa nyundo hadi Giovanni anatetemeka mwili mzima pale jukwaani. Anamtilia shabu kwenye dawa yake ya kupulizia koo. Wanaoijua shabu inavyokaza ngozi wataelewa mara moja kwa nini kichwa cha bwana mkubwa kinasinyaa na sauti inakuwa ya mdudu. Anajigeuza msichana mshabiki anayetaka saini, na kalamu anayompa ni baruti.

Kisha inakuja sehemu ninayoiweka juu ya zote. Bugs anaingia amevaa nywele nyeupe, wanamuziki wanashtuka na kunong'onezana "Leopold! Leopold!", na kiongozi wa okestra anampisha kwa unyenyekevu. Anayeigizwa ni Leopold Stokowski, kiongozi wa okestra aliyekuwa na jina kubwa Marekani, mwenye nywele nyeupe ndefu, aliyejulikana kwa kuongoza kwa mikono mitupu bila kijiti. Bugs anapewa kijiti, anakivunja, anaanza kazi kwa vidole. Anamwongoza Giovanni juu, chini, juu tena, mpaka kwenye noti moja ya juu sana, na hapo anamwacha. Mkono umeinuliwa, noti haishuki. Giovanni anabadilika rangi, nguo zinamfumuka. Bugs anachomoa mkono, anaiacha glavu yake ikining'inia hewani peke yake, anatoka, anaenda kuagiza vifunika masikio kwa posta, vinafika, anavivaa, anarudi. Mwimbaji bado anavuta noti ileile, kwa sababu mkono haujashuka. Sauti hiyo ni ya mwimbaji wa kweli, Nicolai Shutorov, na uzuri wake ndio unaofanya mateso yawe mateso. Mwisho paa lote linapasuka na kumwangukia.

Ukiziweka pamoja sasa, angalia ule wimbo wa kinyozi. Mwaka 1948 Maltese anaupeleka uchochoroni, na ni kelele ya kurushiwa kiatu. Mwaka 1949 anauweka ndani ya nyumba nzuri, na sasa ndio unaoheshimiwa, banjo ndiyo kelele. Wimbo haukubadilika. Kilichobadilika ni nani ana nyumba na nani yuko nje. Jina la Long-Haired Hare lenyewe linachezea hilo: Wamarekani wa wakati ule walimwita mpenzi wa muziki wa opera na okestra "mwenye nywele ndefu," na neno lao la nywele linatamkwa sawa na neno la sungura. Giovanni naye anapiga kelele tangu asubuhi, madirisha wazi. Haoni kwamba yeye pia ni jirani wa mtu.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza unapochagua ni hili: unataka nani awe na haki? Kwa Chuck Jones jibu liko wazi, mtoto hahitaji kuambiwa. Mkubwa alimwonea mdogo, mdogo akalipiza. Kwa Freleng haki iko kwa Elmer tangu mwanzo hadi mwisho, mtu anataka kulala kitandani kwake, na haki hiyo haimsaidii kitu. Paka naye hana chuki naye, anataka kuimba tu. Nilipoitazama na watoto wa kaka yangu yule mkubwa aliniuliza, "Shangazi, kwani huyu baba kakosa nini?" Hakukosa. Swali hilo ndilo linaloifanya filamu ya paka iwe na uzito zaidi machoni pangu, na ndilo linaloweza kumkera mtoto mdogo anayependa mwovu aadhibiwe.

La pili ni lugha. Kama nyumbani Kiingereza si cha kila siku, ile ya paka haikusumbui. Maneno ya kawaida ni machache, kilichobaki ni nyimbo, na hizo ukizisikia kama sauti tupu hupotezi kitu. Ile ya sungura ina utani wa maneno kidogo, na lile jina la Leopold linahitaji mtu mzima pembeni wa kusema kwa sentensi moja huyu alikuwa nani.

La tatu ni ukatili, na hapa nisiwafiche wazazi. Zote zina baruti. Lakini kwa sungura adui anateswa, anaungua, anaangukiwa na paa, na maumivu yenyewe ni ya katuni tu. Kwa paka watu wanakufa, ndio mwisho wenyewe. Mtoto wa miaka sita anayeogopa habari za kifo usimwachie peke yake.

Ziko nyingine utakazokutana nazo ukianza kutafuta, nitazipitia upesi. Notes to You ya 1941 ndiyo mama wa ile ya paka: Freleng yuleyule, Maltese yuleyule, ila mwenye kitanda ni yule nguruwe Porky Pig na picha ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo ukiona nakala yenye rangi ujue ilipakwa baadaye. Mle Porky anampiga paka risasi, na roho tisa zinamwimbia yeye aliyebaki hai. Freleng alipoirudia miaka saba baadaye alimpeleka mwenye nyumba angani pamoja na paka, na badiliko hilo moja ndilo lililoipandisha filamu, maana Porky bado anaweza kuhama nyumba. Anayependa kuona msanii akisahihisha kazi yake azitazame mbili hizi mfululizo. Wengine hawana haja.

Quiet Please! ya 1945 ni ya Tom na Jerry, imeongozwa na William Hanna na Joseph Barbera huko studio ya MGM, na ilipata tuzo ya Oscar ya katuni fupi, ya tatu mfululizo kwa wawili hao. Mbwa Spike anataka kulala, anamwonya Tom kwamba kelele nyingine moja tu atakiona. Basi Jerry anafanya kila njia kelele itokee, na Tom anahangaika kuidaka kabla haijafika sikioni mwa mbwa. Jirani hasa hakuna, wote wamo nyumba moja. Lakini kwa mtoto mdogo kabisa hii ni rahisi kuliko zote: maneno haba, sheria moja, na kila sekunde anajua hatari iko wapi. Ukitaka jirani wa ua kwa ua, wa kuazima vitu na kutorudisha, kuna The New Neighbor ya Disney ya 1953, iliyoongozwa na Jack Hannah, ambamo bata Donald anahamia karibu na Pete, jirani mkorofi. Inachekesha, ila muziki si roho yake, na mimi huirudia mara chache.

Kwa anayenunua diski, Long-Haired Hare imo katika juzuu la kwanza la Looney Tunes Golden Collection, mkusanyo wa katuni za Warner, la 2003, na Back Alley Oproar imo katika la pili la 2004. Popote utakapozipata, tafuta nakala yenye sauti safi kabla ya kujali picha. Nimewahi kuitazama ile ya sungura kwenye simu yenye spika iliyopasuka, na ile noti ndefu ilisikika kama mluzi wa birika. Filamu iliisha pale pale.

Kwa hiyo, wifi, fanya hivi. Jumamosi mchana, watoto wakiwa pamoja, anza na sungura. Watamwelewa wote wawili, watamchukia Giovanni kwa pamoja, na yule wa miaka sita atacheka kichwa kinaposinyaa hata kama hajui opera ni nini. Kama mdogo anachoka upesi, mtangulizie Tom na Jerry, usimlazimishe. Ya paka iweke usiku, uitazame nao ukiwa umekaa hapohapo, maana ni ya usiku na inanoga taa zikiwa zimezimwa. Mimi mwenyewe, ukinipa moja tu ya kubaki nayo, nitachukua ya paka bila kusita, kwa zile ngazi na kwa yule bwana asiye na kosa. Elmer akishafika juu ya wingu, isimamishe kidogo, uwaambie watoto habari za roho tisa, kisha uiachie iendelee. Usipofanya hivyo watakuuliza katikati ya wimbo, nao utakuwa umewapita.